Ndugu wa Ziwa Moja

Garissa, Jumanne

Nilimwambia daktari mjukuu wangu Hodan ana kaka. Sikudanganya. Abdi alifiwa na mama akiwa mchanga, akanyonya ziwa moja na Hodan, la mama yake Hodan. Kwetu huyo ni ndugu, hata kuoana ni haramu.

Saratani ya damu inammaliza Hodan, na daktari anataka uboho wa ndugu ampandikizie. Abdi akaacha ngamia wake kule kijijini Hadado, akaja kupimwa. Leo majibu yametoka: uboho wake haufanani na wa Hodan hata kidogo.

"Tunataka ndugu wa kuzaliwa naye, mama," daktari akasema.

"Hana!" Nikamfokea, kana kwamba kosa ni lake.

Nje Abdi alilia, mwanamume mzima na ndevu zake. "Ayeeyo, bibi yangu, yale maziwa yalienda wapi?"

Nikamkumbatia.

Hodan hatujamwambia. Ameniuliza tu kama kaka yake amekula.