Popi na Mayai ya Darini

Jumapili, Julai 1983. Rhotia.

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Nimetulia leo. Jana sikutulia.

Shajara, nimesema mbele za watu. Mimi!

Mbwa wetu Popi alikuwa ananenepa. Baba akampunguzia ugali, akazidi kunenepa. Huku kwetu mbwa wa hivyo huhesabiwa mwizi: anakula kwa jirani. Na mayai ya jirani yetu Mama Paskali yalikuwa yanapotea. Mbwa mla mayai hutundikwa. Baba alikwisha kutenga kamba, ila kwanza akajaribu kumkimbiza nyuma ya ng'ombe ili apungue. Ijumaa Popi akaanguka njiani, ulimi nje.

Jana walichanja mbwa pale joshoni. Daktari wa mifugo alikuwa mgeni, anajua Kiingereza tu, kwa hiyo nikasukumwa mbele nitafsiri. Alishika kiuno cha Popi kilichonyonyoka manyoya, akamsikiliza kifua muda mrefu.

Nikatafsiri huku natazama chini. Tezi ya shingoni huenda imelegea, ndiyo maana ananenepa bila kula na kutwa anaota moto. Misuli ya moyo nayo imechoka, haisukumi damu vizuri. Hapa hana kipimo, hawezi kuapa kwamba hili limeleta lile. Atatuma vidonge vya tezi kutoka Arusha. Moyo unaweza kupata nafuu, au usipate. Asikimbizwe tena.

"Tezi inanenepesha?" Mama Paskali akadakia. "Basi na mume wangu apimwe! Na mayai yangu, yameliwa na tezi?"

Watu wakacheka. Daktari hakuwa amesema kitu cha kutafsiri. Maneno yaliyofuata yalikuwa yangu.

"Shikamoo, Mama. Kuku wako wanatagia darini. Popi kizingiti chetu tu kinamshinda, ngazi yako ataipandaje?"

Mama Paskali akamgeukia Paskali, mwanawe, aliyekuwa ameanza kuondoka taratibu.

"We Paskali! Hebu rudi hapa!"

Baba hakunisifu. Si kawaida yake. Ila leo asubuhi alimruka Popi mlangoni bila kumwamsha, na ile kamba nimeiona shingoni mwa ndama.

Popi amelala kwenye gunia kando ya moto. Nimeweka mkono ubavuni mwake. Moyo unapiga polepole, kama mtu anayenyata asituamshe.

Vidonge vitauwahi?