Fungu Lisilo na Jina

Baba Hawa,

Hukufanya vizuri. Mtu haondoki duniani na mambo ya kijiji kizima kichwani bila kumwachia hata mmoja. Ulikuwa na nafasi ya kumfundisha Athumani kutandika ule mkeka, ukaona aah, bado nipo. Haya, uko wapi?

Salamu yangu ndiyo hiyo. Nyingine nitakupa nikipoa.

Naandika mwenyewe, kwa herufi zangu za kisomo cha watu wazima, zile ulizosema zinalala kama mbuzi waliochoka. Zivumilie.

Tangu tulipokuzika, huyo Athumani, mtoto wa mdogo wako, ndiye mweka hazina wa kijiji badala yako. Mwizi si mwizi, nisimsingizie. Ila ana haya. Anaona kumwaga korosho mkekani mbele ya mkutano ni mchezo wa watoto. Basi anasimama na karatasi, anasoma mbio kama anayefukuzwa na nyuki, tunapiga makofi, tunarudi nyumbani. Shamba la ujamaa tumelipalilia wote, mgongo wangu unajua. Pesa yake imekwenda wapi, hatujui.

Wewe uligawa mafungu mkekani, pesa yetu kwa punje. Hili la kisima, hili la zahanati, hili la bati za shule. Hata asiyeona alipapasa akajua lipi kubwa. Mwaka wa kwanza ulitumia mahindi, kuku wa jirani akaingia akadonoa fungu la zahanati, ukasema, "Ndugu wanakijiji, dawa zimeliwa." Nilicheka mpaka khanga ikanianguka. Ndipo ukahamia korosho zenye maganda.

Na kabla ya kila mkutano ulinikalisha pale barazani. "Niulize, Mama Hawa. Niulize kwa ubaya." Nakuuliza mpaka jasho linakutoka, kisha unanimenyea chungwa. Hakuna anayenimenyea chungwa sasa. Niache hapo.

Mkutano uliopita Athumani akasoma kwamba kisima kingoje tena mwakani. Hawa mwanao ana mimba kubwa, na kila siku anapanda kutoka mtoni na ndoo kichwani. Nikanyanyuka. Nilikuwa na mkeka wako kwapani na kikapu cha korosho. Nikautandika.

"Athumani, hayo uliyosoma, yaweke hapa."

Mwenyekiti akanitaka nikae, mambo yameshapitishwa na halmashauri. Nikamwambia sikukataa, yapite na hapa. Wanawake wakaguna, akakaa yeye.

Athumani akachuchumaa. Akaweka la shule. La zahanati. La kisima lilikuwa dogo, ungelifumbata kiganjani. Kisha akamwaga la mwisho, kubwa kuliko yote, akainama.

"Hili linaitwaje?"

"Matumizi mengineyo, mama mkubwa."

"Huyo Mengineyo anakaa nyumba ya nani?"

Habari ikatoka polepole. Ni la kupokea wageni wa wilayani: mbuzi, mchele, samaki wa kuagiza Kinjumbi. Hakuna aliyeiba. Waliona haya kulitaja tu. Mzee mmoja akasema wageni nao wanakunywa maji. Watu wakacheka, wakainua mikono. Wageni watakula ugali na kisamvu kama sisi, na Athumani mwenyewe akazisukuma korosho kwa mkono kuzipeleka kwenye kisima. Fundi anaanza kuchimba kiangazi hiki.

Jioni akaja nyumbani. Alikaa mahali pako. Akasema, "Mama mkubwa, kumbe hata mimi sikuwa nimeuona ukubwa wake." Ana kidevu chako, yule. Sikumgombeza zaidi.

Lala sasa, mume wangu, nimepoa. Maji ya kwanza ya kisima nitakuja kuyamwaga kaburini kwako kwa mkono wangu, na mkeka hautaliwa na mchwa nikiwa hai. Athumani nimeshamwagiza: "Kabla ya mkutano ujao uje barazani na korosho zako, ukae chini, nikuulize kwa ubaya. Na chungwa uje nalo."