Mvutaji wa Ziada

Jumatatu, tarehe 3 Machi. Asubuhi ya ukungu mzito. Bati linadondosha maji ingawa mvua haikunyesha.

Kwa wifi yangu wa dukani,

Hujambo wewe na mtoto? Nauliza kwa sababu barua huanza hivyo. Mimi bado nakohoa, na unajua, maana kila nikianza unaongeza sauti ya redio.

Mwezi wa kumi na mbili ulisema nakohoa makusudi ili mwanao asilale. Nami nikasema duka lako linanuka kuliko kifua changu. Tukaapa mbele ya kaka yangu kwamba hakuna atakayeisikia sauti ya mwenzake tena ndani ya nyumba hii. Mumeo akapanda lori lake akaenda zake safari, tukabaki na viapo vyetu. Changu sikivunji. Barua hii utaikuta juu ya sinia tupu, nje ya mlango wangu.

Jana uliniletea kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye gazeti. Nimeikunjua karatasi, nikaona namba saba pembeni kwa wino mwekundu. Mwandiko ni wangu. Gazeti ni langu!

Unajua fika lile boksi lilikuwa nini. Kila Jumamosi nilinunua gazeti lenye ile hadithi ya anga, *Safari ya Vizazi Tisa*, nikaandika namba ya sehemu, nikaliweka ukumbini bila kusoma hata mstari. Niliitunza mpaka sehemu ya mwisho, ya thelathini na moja, nije kuisoma yote kwa mkupuo siku nitakayopumzika kushona sare za watoto wa watu. Sasa nesi amenifungia chumba cha nyuma kwa kifua kikuu mpaka kipimo kiseme nimekuwa safi. Nimepumzika kwa lazima, hadithi ninayo, na wewe unafungia sabuni.

Nirudishie boksi langu.

Wifi yako wa chumba cha nyuma


Machi 3, jioni

Wifi wa chumba cha nyuma,

Sijambo, mtoto hajambo. Habari za ukungu usinipe, mimi nina madirisha manne.

Ndiyo, nimefungia. Boksi lilikaa ukumbini mpaka panya wakazaa ndani yake. Dukani karatasi ni mali. Boksi limebaki, magazeti hayapo. Yameondoka na sukari, misumari, vitunguu na viberiti. Kama unayataka, zunguka mtaa mzima ugonge milango. Ah, nilisahau, huruhusiwi kutoka.

Na mimi nina langu. Leo nimepita nyuma ya dirisha lako kuanika nepi. Kuku wa jirani alikuwa anadonoa vidonge vyekundu kwenye mtaro. Huyo kuku sasa ana kifua safi kuliko wewe. Unatupa dawa, dada mwenye cheti cha sekondari? Humu ndani kuna mtoto wa miezi saba anayevuta hewa ileile unayoitema.

Wifi yako wa dukani


Jumatano, tarehe 5 Machi. Jua limetoka mapema, upepo wa vumbi.

Kwa wifi yangu wa dukani,

Salamu zako nimezipokea kama zilivyokuja.

Dawa ni zangu na mtaro ni wa baba yangu. Zinaniuma viungo, zinanitapisha, na mkojo wangu umekuwa kama juisi ya karoti. Hujaulizwa.

Lakini ile sehemu ya saba nimeisoma mara tatu, na sasa sina raha. Chombo kinakwenda kwenye nyota ya mbali, safari ya vizazi tisa, abiria ni mia nne. Mhandisi wa Hewa anapima mitungi, anakuta hewa inayovutwa ni ya watu mia nne na mmoja. Anapima tena. Mia nne na mmoja! Anakwenda kumwambia Nahodha, na Nahodha badala ya kushangaa anafunga mlango wa ofisi. Imeishia hapo.

Nani anavuta hiyo hewa? Wifi, wewe ndiye uliyenifanya niisome katikati kama mtu anayeingia kwenye harusi ya watu. Nitafutie ya nane.

Wifi yako wa chumba cha nyuma


Machi 8

Wifi wa chumba cha nyuma,

Tuko wazima. Sikiliza basi.

Sehemu ya nane ninayo. Nimeikuta kwa kinyozi, alikuwa anafutia wembe. Amenitazama kama mwendawazimu nilipomwomba takataka yake. Kesho saa mbili asubuhi nitasimama nje ya dirisha lako. Utaweka vidonge mdomoni, utakunywa maji, utafungua kinywa nione mpaka kwenye koo. Ndipo nitaipitisha karatasi. Kidonge kimoja kikibaki chini ya ulimi, karatasi narudi nayo jikoni nawashia moto.

Usidhani nimekuonea huruma. Nikimtazama mwanangu amelala, natamani ungekuwa unaishi kwenye hicho chombo chenu.

Halafu huyo Mhandisi wako mjinga sana. Mtu gani anamwachia Nahodha funguo?

Wifi yako wa dukani


Jumapili, tarehe 16 Machi. Manyunyu tangu alfajiri. Nguo haziwezi kukauka leo.

Kwa wifi yangu wa dukani,

Natumaini mtoto amepona mafua. Namsikia akipiga chafya.

Wiki nzima nimefungua kinywa mbele yako kama ng'ombe mnadani, na wewe umechungulia kama mnunuzi asiye na haraka. Nimepata ya nane yenye nywele za watu, ya tisa yenye mafuta, na ya kumi na mbili iliyokatwa umbo la soli ya kiatu. Ya kumi na ya kumi na moja ziko wapi?

Jambo la pili. Kwenye barua yako uliandika kuhusu funguo. Mambo ya funguo yamo kwenye sehemu ya nane, nami sikuwa nimeipata. Unazisoma kabla yangu! Unasimama kwenye kaunta, wateja wanasubiri chumvi, wewe umo angani. Mwizi wa mara mbili: kwanza karatasi, sasa hadithi.

Jana sikutapika. Nakuambia ili usije kusema nakuficha.

Wifi yako wa chumba cha nyuma


Aprili 6

Wifi wa chumba cha nyuma,

Sijambo. Nimechoka tu kidogo.

Nazisoma, ndiyo. Nani anazitafuta? Wewe umelala unatumiwa kama malkia. Mimi nimemwomba mwenye bucha ya kumi na saba, amenipa na damu yake. Fundi seremala ameziba dirisha na ya ishirini, nikamnunulia kioo ili aitoe, sasa mtaa mzima unasema nina jambo na seremala. Ya kumi na ya kumi na moja zimeliwa na moto, sahau. Kwenye ya kumi na mbili Mhandisi amevuliwa cheo, basi jua kwamba katikati hapo walimvua cheo. Umepata faida gani kusoma sekondari kama huwezi kuunganisha?

Sasa nimeipata ya mwisho, na utanichukia zaidi. Ipo chumbani kwangu. Unyevu ulipoanza kupenya ukutani niliuziba na magazeti kwa gundi ya unga. Namba yako nyekundu ipo pale, thelathini na moja, inanitazama. Nilijaribu kuibandua na kisu, ikaanza kutoka na rangi ya ukuta, nikaacha. Nusu ya juu nimeisoma. Mhandisi anasikia kitu kikipumua nyuma ya ukuta wa chuma. Nusu ya chini iko nyuma ya kabati la nguo, na kabati hilo mtu mmoja halisogezi.

Basi ukitaka mwisho utakuja kuusoma kwa miguu yako. Na chumbani kwangu, anakolala mwanangu, hutakanyaga mpaka nesi aniambie mimi, kwa mdomo wake, kwamba makohozi yako ni safi.

Wifi yako wa dukani


Jumatano, tarehe 9 Aprili. Mawingu, baridi kidogo.

Kwa wifi yangu wa dukani,

Salamu kwa mtoto tu.

Umenichezea vya kutosha. Mwite seremala wako asogeze kabati, kaa chini na kalamu, ninakilie. Ni kazi ya nusu saa. Mwandiko wako nitauvumilia.

Wifi yako wa chumba cha nyuma


Aprili 9

Wifi,

Mimi si karani wako. Meza dawa.

Wifi yako wa dukani


Jumapili, tarehe 27 Aprili. Mvua kubwa asubuhi, imekatika saa nne.

Kwa wifi yangu wa dukani,

U hali gani? Safari hii nauliza kweli.

Ukuta kati ya chumba changu na chako ni wa matofali membamba. Tangu wiki ya Pasaka nakusikia. Unakohoa, halafu unakohoa ndani ya mto ili nisisikie. Asubuhi ukija dirishani umejifunga khanga mpaka shingoni na jua linawaka. Sketi yako inazunguka. Mimi ni fundi nguo; najua kiuno kilichopungua.

Nesi ameagiza kila mtu wa nyumba hii apimwe. Mara mbili amekuja, mara mbili umekwenda kununua bidhaa. Bidhaa gani, na rafu ziko tupu?

Au unakohoa makusudi ili nisilale?

Wifi yako wa chumba cha nyuma


Aprili 28

Wifi wa chumba cha nyuma,

Sijambo kabisa. Ni vumbi la unga.

Hesabu vikohozi vyako, vyangu niachie. Unajua mteja akisikia neno kifua kikuu kwenye kaunta itakuwaje? Watavuka barabara. Mume wangu hajatuma habari wiki tatu, duka ndilo linalotulisha, na wewe pia linakulisha, kama umesahau nani anajaza hilo sinia.

Thubutu kumwambia nesi. Thubutu uone. Hata ukipona hutaingia chumbani kwangu, nitaupaka ukuta chokaa, ufe hujui nani anapumua mle.

Wifi yako wa dukani


Mei 6

Msaliti. Nesi amenijia mbele ya wateja. Usiniandikie tena.

Wifi


Jumatatu, tarehe 19 Mei. Asubuhi ya mawingu mepesi, hakuna upepo, bati limenyamaza.

Kwa wifi yangu, ambaye sasa ni mgonjwa,

Hujambo? Jibu nalijua, nimelisikia usiku kucha.

Uliniambia nisikuandikie tena. Naandika kwa sababu ukiamka utataka kujua kilichotokea, nami nitakuwa kwenye kaunta. Ndiyo, nauza. Wawili wamevuka barabara. Wengine wamebaki, maana nimebandika cheti changu cha kipimo mlangoni, na kwa sababu napima sukari bila kubonyeza mizani kwa kidole kama wewe. Mtoto kapimwa, ni mzima, nesi kampa dawa ya kumkinga. Sasa hivi amelala miguuni kwangu ndani ya boksi langu la magazeti. Angalau limepata kazi.

Nilimwambia nesi, ndiyo. Alipokuja na majibu kwamba nimekuwa safi, nilimwambia kabla hajakaa. Hukunitukana kwa sauti, ulikumbuka kiapo. Ulinitukana kwa macho, mtaa mzima ukaelewa.

Nilikuachia chumba chako. Nilikuletea sinia nikaliweka nje ya mlango kama ulivyokuwa ukiniwekea. Lakini leo asubuhi nilipita nyuma kuanika nepi. Yule kuku amerudi, wifi. Safari hii yuko chini ya dirisha lako.

Ndipo nikamwita seremala. Alikuta umejifunika gubigubi, akasukuma kabati, akauliza kama tunatafuta panya. Nikamwambia tunatafuta mtu. Aliondoka haraka.

Nikafungua dirisha lote, nikajifunga kitambaa puani kama alivyoagiza nesi, nikasimama mbele ya ukuta wako wa unyevu. Nikasoma kwa sauti kuanzia juu. Kiapo changu sijakivunja: sauti uliyoisikia ni ya Mhandisi wa Hewa. Ulipoanza kunigeuzia mgongo nikaendelea. Ilipofika pale anapoweka sikio kwenye chuma nikashusha sauti, hadithi yenyewe ilitaka hivyo, na wewe ukasema kutoka ndani ya shuka:

"Paza sauti! Unamsomea nani, kabati?"

Nikajibu kabla sijafikiri: "Nyamaza, mgonjwa."

Basi. Tumeshasemeshana. Mumeo akirudi, nitamwambia wewe ndiye uliyeanza.

Mhandisi akaingiza ufunguo. Akauzungusha. Mlango ukasogea upana wa kiganja, hewa ya ndani ikamgusa usoni, ikiwa na joto. Nikanyamaza. Nikageuka nikatazama bilauri yako na vidonge vilivyolala kwenye kisosi. Sikukuomba. Wewe uliwahi kuniomba? Ulinitukana tusi ambalo sitaliandika hapa, ukavikusanya vyote, ukameza, ukafungua kinywa mpaka kwenye koo kabla sijasogea. Ulimi wako ulikuwa umepauka. Nimekuona ukilia na nimejifanya nasoma.

Nikaendelea. Nilisoma taratibu, na nyuma yangu pumzi yako ikawa inapungua kasi, mkwaruzo wake ukashuka, mpaka nikasikia unakoroma. Aya mbili zilikuwa zimebaki. Nimezisoma kimya, peke yangu, mkono wangu ukiwa ukutani.

Kwa hiyo mimi najua nani alikuwa anapumua mle. Wewe hujui.

Nimemwita tena seremala, tumelirudisha kabati mahali pake. Limekwaruza sakafu kama trekta na hukugutuka. Usijaribu kulisukuma, huna nguvu hizo kwa sasa. Kesho saa mbili asubuhi nitakuja na vidonge vya kesho. Ukimeza nitakusomea mstari mmoja. Keshokutwa mwingine. Mistari yote iliyobaki nimeinakili kabla kabati halijarudi, nikaipima kwa jicho la ushonaji, na nikiigawa vizuri itafika hadi siku ya kipimo chako.

Wateja nimewaambia una homa ya mapenzi ya seremala. Wamecheka, wamenunua.

Wifi yako wa chumba cha nyuma

Umelala saa nane na dakika ishirini mchana.