Neno Lisemwalo Mara Mbili

Mdogo wangu Ngatunga,

Pokea salamu za kaka yako ambaye bado anapumua. Ule mguu uliojikata kwa jembe umepona? Mpunga wa huko Michenga umebeba, au viboko wameumaliza? Mimi mwili mzima, ila shingo ndiyo sina hakika nayo. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Herufi zikipinda usicheke, ni mnyororo unaozivuta.

Sikia. Tulipofika pwani na mizigo, mimi na wapagazi wenzangu, vita vikaanza nyuma yetu, njia ya kurudi ikafungwa. Mzungu wa boma akatafuta wapiga makasia, mashua tatu za mbao zipeleke askari na mchele kusini. Akauliza nani anajua vyombo. Wenzangu wakatazama chini. Mimi nikasema, nani tena kama si mimi? Kilombero nzima hakuna aliyenishinda kwa mtumbwi, na wewe unajua.

Nahodha wa hapa akanicheka. "Mzee wa viboko, huo upondo wako wa kusukumia mtumbwi, baharini utauchomeka wapi?"

"Nipe kasia," nikamwambia, "halafu utafute pumzi."

Siku ya kwanza tanga lilivuta vizuri. Askari wakatapika, mimi nikala viazi vyao. Kesho yake upepo ukafa, tukapiga makasia mpaka viganja vikachunika. Vijana walilala juu ya makasia. Mimi sikulala.

Siku iliyofuata mawimbi yakatugonga kwenye mwamba. Nilikaa nyuma, nikaona ubao umefunguka chini ya magunia na bahari inaingia. Nikafanya alivyotufundisha baba: unataja kile tunachochota mtoni. Mara moja ni kiu. Mara mbili ni hatari, kila mtu ashike kata achote atupe nje. Nikapiga kelele mara mbili.

Ngatunga, wanaopigana na Mjerumani huko kwetu ukelele wao ndio huohuo! Askari wakaniangukia na vitako vya bunduki. "Mwasi! Mwasi chomboni!" Nami nawaambia, "Tazameni miguuni, wajinga nyie!" Wameshika mdomo wangu, tundu wameliacha. Waliposhtuka, wamelowa hadi kiunoni. Tuliifikisha mashua ufukweni kwa taabu, mchele wote umeharibika, na lawama nikabandikwa mimi.

Sasa nimefungwa bomani. Nahodha nilimwomba anisemee. Akasema, "Baba, na mimi shingo ninayo moja tu." Uwanjani mti umesimamishwa, na mwezi huu ukifa ni zamu yangu. Mzungu amesema atamsikiliza shahidi wa kwetu, akitokea.

Tangu tuzaliwe sijakuomba kitu. Leo naomba. Njoo na jumbe, mumweleze Mzungu mara moja ni nini na mara mbili ni nini. Usiniambie njia mbaya. Mchuuzi wa nguo anayekuletea barua hii anapita, nawe pita. Na usibebe kibuyu, hata cha pombe. Humu wapo walioponzwa na kibuyu kitupu, eti ni cha dawa ya waasi.

Msalimie mama watoto, asimwazime mtu mtumbwi wangu. Msalimie dada yetu mkubwa, asianze kunililia. Na shemeji yetu mvuvi, mwambie bado namshinda.

Lile neno nimeapa halitoki tena kinywani mwangu, na hata hapa sikuliandika. Mlinzi akipita na mtungi, namwonyesha koo langu kwa kidole. Jana alicheka, naye akalizungushia lake kidole kama kitanzi.

Njoo, mdogo wangu.

Kaka yako Ligunda, mshika upondo