Disketi ya Buberwa

Kahororo, Bukoba
6 Februari 2000

Kwako mwanangu Kokubanza,

Natumaini barua hii inakukuta mzima kabla hujapanda boti ya Bumbire. Mimi sijambo, isipokuwa goti, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio.

Nimesikia mradi umekupa kompyuta ya kubeba mkononi, uzunguke nayo visiwani ukiandika maneno ya wazazi wagonjwa, watoto wao waje kuyasoma. Ni kazi njema. Lakini mashine ya bei ya nyumba haitembezwi kama mkoba wa kwaya. Liache hilo begi lake jeusi, kila mwizi analijua. Ifunge kwa majani makavu ya mgomba kama tunavyofunga zawadi, uipakate. Na maneno hayo yawe mahali pawili. Mbegu zote hazitunzwi kwenye chungu kimoja.

Ukimwona kaka yako huko, mwambie tu kwamba nipo. Miaka minne ni mingi.

Mama yako,
Benadetha


Bumbire
19 Februari 2000

Ma waitu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na goti lako lipe pole zangu. Nilifanya ulivyosema. Kwenye boti watu walidhani napeleka chakula msibani, kwa jinsi misiba ilivyo mingi, wakanipisha nikae pasipofika maji. Rozi, mchuuzi wa dagaa, aliniuliza mara mbili ni msiba wa nani.

Mama, Buberwa yuko hapa, kwenye kambi ya wavuvi ya mzee Bundala. Ni ugonjwa huu huu. Amebaki mifupa na ule ubishi wake. Alinikataza kukuandikia, nikamwambia mimi si karani wake. Siku ya pili akaniita mwenyewe, akasema maneno yake kwako. Niliandika mpaka betri ikaisha, tukaichaji kwa jenereta ya Bundala, akaendelea.

Nakala za wagonjwa wote kumi na saba zimo kwenye disketi hii. Anakuletea Rozi, ili isisafiri pamoja na kompyuta. Ya Buberwa nimeifunga kwa neno la siri alilochagua yeye. Kwa kanuni yetu, hufunguliwa mwenyewe akishaondoka duniani.

Mwanao,
Kokubanza


Kahororo
12 Machi 2000

Mwanangu Kokubanza,

Habari za huko, na mgonjwa wetu anaamkaje? Mimi nala, lakini chakula hakina ladha.

Disketi ilifika. Nimeitundika jikoni juu ya moshi, pamoja na mahindi ya mbegu, wadudu wasiiguse. Kila nikipika naitazama. Nitumie hilo neno la siri. Unajua nilivyomwambia siku aliyokuja amelewa kwenye matanga ya baba yenu, kwamba si mwanangu tena. Nilisema mbele ya watu. Nataka kujua kama amenisamehe, siwezi kungoja afe ndipo nijue.

Mama yako,
Benadetha


Bumbire
25 Machi 2000

Ma waitu,

Shikamoo. Kabla hujamaliza kusoma, inuka uitoe hiyo disketi. Moshi unaotunza mahindi unaiua. Iweke kwenye sanduku la nguo, mbali na sumaku ya redio.

Neno siwezi kukupa. Niliahidi. Lakini mdomo wake bado unafanya kazi, na boti huondoka kila Jumamosi. Njoo, Mama. Usichelewe.

Mwanao,
Kokubanza


Muleba
3 Juni 2000

Ma waitu,

Shikamoo. Unalala? Mimi tangu tumzike Buberwa kibanjani kando ya baba, nalala na kuamka nimechoka.

Leo nina habari mbaya. Nilichoka na majani ya mgomba, nikairudisha kompyuta kwenye begi jeusi. Niliiweka chini stendi nikinunua ndizi, nilipogeuka haikuwepo. Hiyo disketi yako ndiyo pekee iliyobaki. Mpelekee Datius, karani wa usharika, atoe nakala leo leo.

Na neno la Buberwa liko kwenye kikaratasi nilichokunja humu. Sasa ni haki yako.

Mwanao,
Kokubanza


Kahororo
20 Juni 2000

Mwanangu Kokubanza,

Pole na wizi. Usijisumbue kulia, mashine hutengenezwa nyingine. Datius ametoa nakala mbili, moja ameifungia kabatini. Watoto wa wale kumi na sita watayapata maneno yao.

Kikaratasi nilikifungua pale pale. Jina la ng'ombe aliyekuwa akimchunga. Nilicheka, kisha nikalia. Datius alikuwa ameshaweka vidole tayari kwenye kompyuta yake, ananingoja nimtajie. Nikamwambia aache.

Zile siku tisa nilizokaa naye Bumbire hatukusema lolote la maana. Nilimmenyea ndizi, akalalamika chumvi haitoshi. Kila asubuhi nilitaka kumwomba radhi, nikaishia kumwuliza kama alilala vizuri. Nikajiambia kesho. Kwa hiyo sijui kama alinisamehe. Namkumbuka mwanangu, mpaka kitanda chake nakitandika.

Wewe unajua, uliandika kwa mikono yako. Usiniambie. Hata ukija, usiniangalie kwa namna ambayo nitaelewa.

Nikishayasoma maneno yake, Buberwa hatakuwa na neno jingine la kuniambia. Sasa hivi bado analo.

Mama yenu,
Benadetha