Buluu ni Habari Mpya

Mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Mimi mzima, goti tu ndilo linalonigomea. Mama yako kapaka ukuta wa jikoni rangi mwenyewe, na imemshinda.

Sasa nikugombeze. Ule ukurasa ulionitengenezea kwenye simu, wa picha zako na sauti zako, nani kakutuma kuubadilisha? Zamani maneno ya kubonyeza yalikuwa ya buluu, nikishayafungua yanageuka zambarau. Nilijua buluu ni habari mpya, zambarau nimeshaiona. Leo yote meusi! Mama yako anakutetea, "Ndiyo fasheni, mama, yeye ndiye fundi." Fundi gani anampapasisha bibi yake kama anayetafuta sindano gizani? Nabonyeza kila neno nikidhani umeleta jipya, kumbe ni wewe yuleyule na koti la mwaka juzi.

Rudisha rangi. Na kama umeiondoa ili nisijue kwamba huweki kitu, mimi si mtoto. Zambarau tupu nitaivumilia. Ila siku nikiamka nikute neno moja la buluu, hata kama ndani yake unakohoa tu, nitacheza na goti langu hilihili.

Ni mimi bibi yako, nisiyembembeleza mtu.