Majivu kwenye Shamba la Magadi

Jumatatu, 7 Februari 1983
Asubuhi kubeba samadi, mchana kubeba samadi. Wekesa, kibarua wangu, amejifunga kitambaa puani kama daktari. Nilimwambia harufu haiui, ujinga ndio unaua. Akacheka. Alidhani natania.

Shamba hili nililipata kwa kura, kampuni yetu ya kununua mashamba ilipogawa ardhi ya mzungu. Marehemu mume wangu alinunua hisa, akafa kabla hajaona alichonunua. Bahati yake. Udongo wa mfinyanzi uliojaa magadi. Ukikauka ni saruji. Ukilowa unateleza na maji hayaingii. Juu unatoa unga mweupe, na majirani huja na mikebe kuukwangua wakapikie maharagwe. Hayo ndiyo mazao yangu mpaka leo: maharagwe ya wengine kuiva upesi.

Mwalimu wa kilimo alituambia dawa yake ni takataka zilizooza, nyingi, zifukiwe, halafu subira. Takataka ninazo. Subira sina.

Jumamosi, 12 Februari
Trela la makapi ya magome ya miwati, ile miti ya dawa ya ngozi, limefika kutoka kiwandani mjini. Wanafurahi kuondolewa uchafu wao. Nachanganya na samadi na mabua ya ngano. Rundo linatoa mvuke asubuhi. Linapendeza kuliko sura ya Kamau.

Kamau ni ndugu wa marehemu na mjumbe wa kamati ya kampuni. Leo alisimama barabarani, beji ya chama kifuani, akatangaza kwamba nafuga jaa. Halafu akawa mpole, ule upole wake wa kuuza mbuzi mgonjwa. Eti kamati imeamua: shamba lisilo na mmea baada ya mvua hii litarudi kwa kamati. Lililo tupu ni langu peke yake. Najua anachotaka. Langu linapakana na barabara ya Burnt Forest, na yeye anaota kinu cha posho cha kusagia mahindi.

Jumatano, 23 Februari
Baraza. Ijumaa ya wiki ijayo mgeni mkubwa atapita kwenda mjini. Kando ya barabara pawe safi. Chifu akalitaja rundo langu mbele ya watu wote. Aibu kwa taifa. Taifa lina aibu nyingi, sikujua na mboji imo.

Nilisimama nikaomba muda, halijaoza. Wanaume wakacheka. Kamau akajitolea kunisaidia kuliondoa.

Jumatatu, 28 Februari
Tumefukia sehemu iliyotangulia kuoza. Ukanda mwembamba tu kando ya ua. Mgongo umekwisha. Wekesa hana tena habari na harufu.

Naogopa. Nikipoteza shamba hili nitaenda kuishi nyuma ya nyumba ya Kamau, nimchemshie chai mpaka nife.

Alhamisi, 3 Machi
Nilienda matangani. Niliporudi rundo halikuwepo. Kamau na vijana wa chama wamelichoma. Kisha wakachukua majivu wakayatawanya shamba zima. Ukanda peke yake umepona, kwa sababu Wekesa alisimama juu yake na jembe mkononi, hakutoka. Kamau alikuwa akiningoja.

"Si nimekusaidia, Mama Njeri? Majivu ni mbolea, bwana. Kwetu nyanya alikuwa anamwaga kwa shamba."

Majivu! Kila mwanamke hapa, wa kwetu na wa kwao Wekesa, mboga zikiwa ngumu huchuja maji ya majivu azilainishe. Majivu na magadi ni ndugu wa tumbo moja. Amemwaga magadi juu ya magadi. Mtu mzima, amekula miaka yote hiyo, hajawahi kutupia jicho jikoni. Asiyejua maana haambiwi maana. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira.

Ijumaa, 4 Machi
Tulipangwa kando ya barabara tangu asubuhi, sisi na watoto wa shule na vibendera. Magari yakapita mbio. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu hata dirisha hakuteremsha. Vumbi lilimwingia Kamau mdomoni akiwa bado anaimba. Jambo jema la wiki nzima.

Jumanne, 5 Aprili
Mvua kubwa. Penye majivu maji yamesimama, bata angeogelea. Kwenye ukanda yameingia. Nilisimama nikiyaangalia yakizama mpaka nguo zikalowa. Kesho napanda.

Jumamosi, 14 Mei
Kamati imekuja. Kamau mbele, na kamba ya kupimia kabisa.

Mahindi ya ukanda yamefika magotini. Pembeni yake hakuna hata kwekwe. Jua la siku hizi limeshakaza udongo. Mzee mwenyekiti, ambaye sijawahi kumsikia akisema neno la maana, alichomeka fimbo yake kwenye ukanda. Ikaingia. Akaichomeka penye majivu. Ikagonga. Akaitazama fimbo, akamtazama Kamau.

"Mmea si uko? Mwachie mama shamba yake."

Kamau akasema mmea wenyewe ni kidogo sana. Mzee akasema hatukuandika ukubwa. Kamau akakunja kamba yake.

Nilidhani nitafurahi. Nimechoka tu. Na huyo mzee ameshasema la maana mara moja, sitarajii la pili.

Jumapili, 22 Mei
Baada ya kanisa mke wa Kamau alikuja na mkebe. Akakwangua unga mweupe pale mumewe alipomwaga majivu. Mwaka huu ni mwingi.

Jioni alirudi na gunia la maganda ya maharagwe. Kamau alikuwa ameagiza yachomwe. Tuliyamwaga kwenye rundo jipya nyuma ya nyumba, tukayafunika na majani. Akanawa mikono, akaenda kumpikia.